Foo wili (gari la kuvuta magurudumu yote manne) ya zamani inalia mbele? Anza hapa

Usikimbilie kununua spea, sikiliza kwanza mlio unakuja wakati gani. Ukikata kona mpaka mwisho ikalia ka-ka-ka mara nyingi ni sivi jointi (kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi la mbele), chungulia kama buti lake, ule mpira unaoifunika, limechanika grisi imetapakaa. Mvumo unaopanda na spidi, na ukikata kushoto unazidi, shuku beringi ya tairi la upande wa kulia maana uzito umehamia huko.

Kugonga kwenye mashimo sasa ndo kuna kazi: piga jeki, weka stendi (jeki peke yake usiiamini kabisa jamani), shika tairi juu na chini utikise, ikicheza mwambie mtu akanyage breki, mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki angalia bolijointi au kingipini (viungo ambavyo tairi linageukia). Ikicheza ukiishika kushoto-kulia tu, tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi).