Kusafirisha mdalasini na mikeka kutoka Pemba hadi Mombasa kwa njia halali

Mpemba mwenye magunia matatu ya mdalasini na mikeka michache ya ukindu, ambaye anataka kuvipeleka Mombasa, ana njia mbili halali. Anaweza kupanda meli hadi Tanga, kisha akaenda kwa gari hadi mpaka wa Horohoro, ambao upande wa Kenya huitwa Lunga Lunga. Anaweza pia kuvuka moja kwa moja kwa chombo cha mizigo kutoka Wete hadi Shimoni au Mombasa. Ipo na ya tatu, ya bandari bubu, yaani zisizo rasmi, ambayo hushika kasi kila msimu wa karafuu, lakini aliyeipita akakamatwa hupoteza mzigo, na pengine na chombo.

Karatasi zitafutwe mapema. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hakitoshi kumvusha mtu kwenda Kenya. Inatakiwa pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji kwa asiyekuwa na pasipoti. Barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo analoishi mtu, humsaidia mwombaji kuthibitisha makaazi yake, kwa hiyo ni busara kuanzia kwa sheha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwekwe pamoja na pasipoti, kwani huulizwa wakati wa kurudi.

Mdalasini ni zao la shamba, hivyo unahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho huombwa kwa wakaguzi wa Wizara ya Kilimo kabla ya mzigo kufika bandarini. Mkaguzi anayeijua kazi yake hatazami mdomo wa gunia tu. Huingiza mkono hadi kitakoni, akatoa gome moja na kulivunja karibu na sikio. Gome kavu hulia, na bichi hujikunja kimya. Aliyetanguliza makavu juu na kuficha mabichi chini atarudishwa nyumbani akaanike upya, na meli haitamngoja. Mikeka nayo ionyeshwe kwa mkaguzi huyo huyo, maana ukindu ni jani. Mzigo ufungwe kwa magunia au makapu, wala usitiwe katika mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku mwezi Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, wakati Zanzibar ilikuwa imeshatangulia.

Karafuu isiwemo kabisa. Hununuliwa kwa wakulima na kuuzwa nje na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar pekee, wala sheria haitofautishi kibaba na gunia kama wengi wanavyodhani. Katika bandari moja nilimwona mama mmoja aliyefunguliwa mzigo wake wa mikeka, na ndani ya mkeka uliokunjwa kikadondoka kifurushi cha karafuu alichosema ni cha kumpelekea wifi yake kwa ajili ya maumivu ya jino. Hakuwa na sura ya mfanya magendo, lakini alikaa pale mpaka meli ikang'oa nanga bila yeye.

Sehemu inayowatisha wengi bila sababu ni forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, iliyomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambayo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, kinachotolewa na maofisa wa forodha pale pale mpakani. Cheti hiki hakiondoi kodi nyingine za ndani, wala hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea. Chukua risiti za ununuzi, na andika mwenyewe orodha inayoonyesha aina ya bidhaa, uzito na thamani, ili makadirio yasibaki kwa ofisa peke yake. Wawili wanaosafiri pamoja wasiandikishe mzigo kwa jina moja, kwa sababu jumla ikipindukia kiwango hicho watahitaji cheti cha kawaida na wakala wa forodha, na gharama zake humeza faida ya magunia machache.

Ingawa Pemba na Tanga ni nchi moja, mzigo hukaguliwa bandarini Tanga, jambo ambalo limelalamikiwa miaka mingi. Horohoro penyewe ni pepesi: anayetoka Tanzania hupita hadi jengo la upande wa Kenya, na huko hukuta maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Kutoka hapo ni barabara ya Msambweni na Ukunda hadi kivuko cha Likoni, na viungo huuzwa vizuri katika soko la Marikiti, Mombasa.

Njia ya bahari inafaa kwa mzigo mzito usioharibika, ila iende na majira. Wakati wa kusi, yaani majira ya upepo wa kusini, upepo na mkondo vyote husukuma kaskazini, kwa hiyo kwenda Shimoni ni wepesi na kurudi Pemba ni taabu. Mwezi Juni hadi Agosti mimi hupita Tanga. Hakikisha nahodha ana ruhusa ya kuondoka kutoka bandarini, na kwamba jina lako na mzigo wako vimo katika orodha yake. Sikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ukiona chombo kimezama kupita alama yake ya shehena, shusha magunia yako hata kama umeshalipa nauli. Meli ya Spice Islander, iliyozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imepakia kupita kiasi.

Mikeka isiyouzwa irudi pamoja na karatasi ulizopewa wakati wa kuvuka, kwani bila hizo ofisa wa Tanzania ana haki ya kuihesabu kuwa bidhaa mpya kutoka Kenya.