SOMO: Umezoea saa za kopi, sasa unataka orijino? Soma hapa kabla hujatoa pesa

Wakuu, swali hili linarudi kila wiki kwa sura mpya: "Nina kopi kadhaa, nimepata hela kidogo, nataka Submariner ya kweli, nianzie wapi?" Naandika yote sehemu moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mfano wangu ni Rolex Submariner 16610: milimita 40, mashine 3135, iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80 mpaka 2010. Haipatikani mpya, imeigwa mno, na ndiyo wengi mnayoitaka. Kwa Omega na Tudor utaratibu ni huohuo, panapotofautiana nitasema.

Kwanza jambo moja. Mtu aliyekusanya kopi ana jicho, hilo silibishi. Anajua lenzi ya tarehe inakuza mara 2.5, anajua bezeli, ile pete inayozunguka kioo, inatakiwa kugota vipi. Lakini jicho hilo limefundishwa kumkamata mwongo wa jana. Hatari ya sasa si kopi nzima, ni saa ya kuungaunga: kasha la kweli, mashine ya kweli, uso wa kopi, vipuri viwili vitatu vya China ndani. Ukishaona vitu vitatu halisi, cha nne unakipitisha bila kukikagua. Hapo ndipo watu wanapopigwa.

Hatua ya 1. Chagua modeli kwa namba. "Nataka Rolex" si modeli. 16610 ni modeli.

Hatua ya 2. Jua bei. Ingia Chrono24, soko la saa la mtandaoni, andika namba ya modeli, nakili bei kumi za saa zenye boksi na kadi ya waranti na kumi za zisizo navyo. Hizo ni bei wanazoomba wauzaji, mauzo hushuka kidogo. Kama hakuna karatasi ya sevisi ya karibuni, gharama ya sevisi iondoe kwenye ofa yako. Ukiambiwa nusu ya bei ya soko "kwa sababu ana shida ya haraka", ondoka.

Hatua ya 3. Chagua muuzaji. Saa mpya nunua kwa muuzaji rasmi tu, na orodha yao ipo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Dubai kuna Ahmed Seddiqi, Muscat kuna Khimji's. Kwa iliyotumika, Rolex wana mpango wao wa saa zilizothibitishwa tangu Desemba 2022, na waranti yake ni miaka 2. Bei iko juu, ila umenunua usingizi. Ukinunua Chrono24, tumia malipo yao yanayoshikiliwa mpaka siku 14 zipite tangu upokee. Muuzaji akikuomba mlipane pembeni "kukwepa makato", biashara imeishia hapo. Mtu binafsi: kitambulisho chake, mahali pa wazi, na akubali hatua ya 5. Asiyekubali hatua ya 5 hana saa ya kukuuzia.

Hatua ya 4. Kagua nje. Uwe na lenzi ya kukuza mara 10 na tochi ndogo.

Vueni cheni. Kati ya miguu ya kasha, pale cheni inaposhikia, upande wa saa 12 kuna namba ya modeli, upande wa saa 6 kuna namba ya saa yenyewe, sawa na chesisi namba ya gari. Kwenye zile za mwisho kabisa namba ya saa ilihamia ukingo wa ndani, chini ya kioo. Maandishi halisi yamekatwa kwa mistari myembamba inayometa ukigeuza tochi. Ya kopi mara nyingi yana vidotidoti, kama yaliyochomwa kwa asidi.

Sasa linganisha namba na uso. Kuanzia 1987 namba zilianza na herufi: R ni 1987, Y ni karibu 2002, na kuanzia 2010 namba ni za kubahatisha, hazisemi mwaka. Chini kabisa ya uso, pale saa 6, soma maandishi madogo. "SWISS – T<25" maana yake rangi ya kung'aa ni ya tritiamu (yenye mionzi hafifu), iliyotumika mpaka karibu 1998. Baadaye likaja "SWISS" tupu kwa muda mfupi, kisha "SWISS MADE". Kwa hiyo namba ya Y yenye uso wa T<25 haiwezekani, uso umetoka kwingine. Na tritiamu hupoteza nusu ya nguvu kila miaka 12 na kidogo. Uso wa T<25 wa 1995 ukiumulika kwa tochi kisha ukazima taa, usiwake kwa dakika kumi. Ukiwaka vizuri, umepakwa upya au ni feki. Mishale nayo iangalie gizani: ikiwaka huku uso hauwaki, imebadilishwa. Kubadilishwa kwenye sevisi halali si dhambi, ila bei ishuke na muuzaji aseme.

Alama ya taji iliyochorwa kwa leza kwenye kioo, juu kidogo ya saa 6, ilianza karibu 2002. Saa ya 1996 isiyo nayo ni sahihi. Na ikionekana kirahisi bila lenzi, shuku kioo.

Kona za kasha ziwe na makali. Zikiwa za mviringo imeshapigwa polishi sana, na chuma kilichoondoka hakirudi.

Hatua ya 5. Fungua mgongo KABLA ya malipo. Hapa ndipo pesa zinapookolewa, someni taratibu.

Fundi awe wako, si wa muuzaji, na umlipe wewe. Mfuniko wa 16610 ni wa kukaza wenye meno pembeni, unafunguliwa kwa ufunguo wake maalumu. Fundi akitoa koleo, simamisha kazi. Meno yakiwa tayari na mikwaruzo, kuna mtu asiye na ufunguo aliyepita humo, na ujiulize alifuata nini.

Ndani, anza na balansi, gurudumu linalocheza huku na huku na kuipa saa mwendo. Kwenye 3135 daraja la balansi linavuka kutoka upande hadi upande na limeshikwa pande zote mbili. Hakuna kiwiko cha kurekebishia mwendo. Mwendo unarekebishwa kwa vinati vinne vidogo vya rangi ya dhahabu vilivyoko ndani ya gurudumu la balansi. Ukikuta kiwiko chenye alama ya kujumlisha na kutoa, umeshika mashine ya kawaida ya aina ya 2824 iliyovishwa rota (kipande kinachozunguka kuijaza saa) yenye jina la Rolex. Funga, shukuru, nenda nyumbani.

Lakini msiishie hapo. Siku hizi kuna mashine za China zilizonakili 3135 nzima, daraja pande mbili, vinati, hata magurudumu mekundu chini ya rota. Hizo haziangushwi na orodha. Zinaangushwa na fundi aliyefungua 3135 nyingi halisi na kuangalia kwa lenzi: kina cha maandishi, kingo za madaraja, vichwa vya skrubu. Kama fundi wako hajawahi kufungua Rolex, hatua hii hujaifanya, umeigiza tu.

Kisha iwekwe kwenye taimugrafa, kifaa kinachosikiliza mapigo ya saa na kupima mwendo wake. Saa ijazwe kikamilifu kwa mkono, kama mizunguko 40. Pembe ya kuinua iwekwe 52. Ipimwe uso juu, uso chini, kisha ikiwa imesimama. Unatafuta mwendo usiozidi sekunde chache kwa siku na upana wa balansi (inavyozunguka kwenda upande mmoja) wa nyuzi 270 kwenda juu ikiwa imelala. Chini ya 220 huku imejaa, inataka sevisi.

TAHADHARI tatu. Karatasi nzuri ya taimugrafa si ushahidi wa uhalisi, kopi nzuri hutoa namba nzuri. Picha ya mashine iliyotumwa na muuzaji si kufungua saa. Na baada ya kufunga, saa ipimwe presha na raba ya mfuniko ikaguliwe. Kwa joto na chumvi ya Dar au Mombasa, raba iliyochoka inaingiza unyevu na uso utaanza kuoza taratibu.

Hatua ya 6. Lipa. Benki kwa benki, palepale. Risiti iwe na namba ya modeli, namba ya saa, na sentensi hii: ikithibitika kuwa saa au kipuri chake si halisi, pesa yote inarudi ndani ya siku 14. Kabla ya kulipa, iangalie namba kwenye The Watch Register, kanzidata ya London ya saa zilizoibwa na kupotea.

Hatua ya 7. Piga picha kila upande na uhifadhi mbali na saa.

Maswali karibuni.

---

Jirani44: Mkuu sijasoma yote ni ndefu, ila Rolex orijino Kariakoo inaenda ngapi?

Mleta somo: Hatua ya 2.

Kisiki_Hai: Mnazunguka sana. Orijino mshale wa sekunde unateleza, feki unapiga tik tik. Kwisha.

Mleta somo: Si kweli, na ushauri huo unawapiga watu. Kopi yoyote yenye mashine ya kujijaza inateleza. Na Rolex wenyewe walitengeneza Oysterquartz kati ya 1977 na 2001, ni halisi na inapiga tik tik. Seamaster za betri za Omega pia.

Kisiki_Hai: Basi yangu inateleza vizuri kuliko ya bosi wangu.

Mleta somo: Ifungue. Hatua ya 5.

Binti Mrima: Kaka, hiyo ya kuteleza, kuna namna ya kuipima bila kifaa? Natamani kuelewa, si kwa ajili ya kununua tu.

Mleta somo: Ipo dada, na umeuliza vizuri. 3135 inapiga mapigo 28,800 kwa saa, yaani 8 kwa sekunde. Mashine za bei ya chini zinazowekwa kwenye kopi nyingi zinapiga 21,600, yaani 6. Rekodi mshale kwa simu, video ya mwendo wa pole ya fremu 240 kwa sekunde, kisha isogeze fremu moja moja. Mshale ukiruka kila fremu 30, ni 28,800. Kila fremu 40, ni 21,600, na kwa 16610 hiyo ni feki bila mjadala. Kumbuka kipimo hiki kinaondoa kopi za chini tu. Kopi kali zinapiga 28,800 pia.

Binti Mrima: Na hiyo pembe ya kuinua, kwa nini 52? Fundi wangu aliiacha ilivyokuwa.

Mleta somo: Ni pembe ambayo balansi inasukumwa kila pigo, na kila mashine ina yake. Kifaa kinaitumia kukokotoa upana. Ikikosewa, mwendo wa sekunde hauharibiki ila upana unatoka wa uongo. Ndiyo maana Omega za mfumo wa co-axial zinapimwa kwa 38. Ukiziacha kwenye 52, kifaa kitakupa namba isiyo na maana na utaikataa, au utaikubali, saa kwa sababu ya uongo.

Pwani Raha: Nimepata 16610. Nataka niivalishe cheni ya kopi yangu ili ya kweli isichubuke. Kuna ubaya?

Mleta somo: Usifanye hivyo. Ncha za cheni ya kopi zikipwaya zinakwangua kasha kwa ndani, na vituo vya Rolex hukataa kuhudumia saa yenye vipuri vya kuiga. Vaa mkanda wa nailoni, utabadilisha ukichoka.

Mchumi wa Ilala: Hizi kopi si niziuze kama orijino nipate mtaji wa hiyo ya kweli?

Mleta somo: Hapana. Huo ni utapeli, na bidhaa bandia zina sheria yake: Tanzania ni FCC (Tume ya Ushindani), Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Mada hiyo haijadiliwi hapa.

Mtu wa Deira: Nyongeza kwa wanaopita Dubai. Duka likiwa limesajiliwa, mgeni anarudishiwa VAT. Kodi ni 5%, unapata 85% ya kodi hiyo uliyolipa, kasoro dirham 4.80 kwa kila tiketi. Thibitisha kabla hujakabidhi mizigo, saa uwe nayo mkononi.

Mleta somo: Asante sana mkuu. Na ukifika nyumbani tangaza forodhani. VAT ni 18% Tanzania Bara na 16% Kenya, juu yake kuna ushuru. Iweke kwenye hesabu ya hatua ya 2, isije kukukuta kaunta.

Mwalimu Njoro: Sina uwezo wa Rolex. Kopi nimechoka nazo, nataka kitu cha kweli cha bei ya mwalimu.

Mleta somo: Mwalimu, hilo ni wazo safi kuliko Submariner ya mkopo. Chukua Seiko. Ila hata Seiko zinaigwa na kuungwaungwa, kwa hiyo kagua. Nyuma kuna namba yenye tarakimu sita: ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi, ambapo Oktoba ni 0, Novemba N, Desemba D. Ukitaka zile za mashine 7S26, kama SKX007, jua kuwa mashine hiyo haijazwi kwa kitufe na sekunde hazisimami ukikivuta. Ikikubali kujazwa kwa kitufe, mashine imebadilishwa. Wengine huweka 4R36, mashine nyingine ya Seiko, kwa makusudi, ni bora zaidi, lakini uambiwe kabla ya kulipa.

Binti Mrima: Yangu ya kweli imeanza kukimbia, dakika nzima kwa siku, ghafla. Imeharibika?

Mleta somo: Huenda imeshika sumaku dada. Spika, kifuniko cha tableti, kufuli la pochi, vyote vina sumaku. Springi ya balansi inashikamana, saa inakimbia. Iweke karibu na dira: sindano ikiyumba, ndiyo hiyo. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku anamaliza kwa sekunde chache, mgongo hauguswi. Ikiendelea kukimbia baada ya hapo, ndipo iende kwenye taimugrafa.

Jirani44: Mkuu nimesoma yote sasa. Nimeona 16610 namba inaanza na Y, ina kadi, muuzaji kakubali fundi wangu. Uso umeandikwa SWISS – T<25.

Mleta somo: Rudi hatua ya 4, aya ya tatu. Muulize uso umetoka wapi, na usimlipe fundi wa kufungua mpaka ajibu.