Unataka kuingia kamati ya shule ya mtoto wako? Kazi inaanza kabla ya siku ya kikao

Wazazi wenzangu wa huku pembezoni mwa Dar, Chanika, Majohe, Kivule, Mbagala, Goba, Bunju na kwingine kote ambako watoto wamejaa darasani mpaka wengine wanasoma kwa awamu, tunalalamika sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Mara choo, mara uji, mara hela ya mlinzi, mara twisheni. Alafu ikifika siku ya kuchagua kamati ya shule, ambayo ndio inakaa na mwalimu mkuu kupanga hizo hela, tunamtuma dada wa kazi akatusainie tu kwenye daftari la mahudhurio tuonekane tumekuja. Kamati inapatikana kwa watu wachache waliokaa mbele, na miaka inayofuata tunarudi kwenye grupu kulalamika tena. Mimi naamini kabisa kwamba kiti cha kamati ya shule kinaweza kubadilisha maisha ya mtoto wako haraka kuliko kura nyingi unazopangia foleni, na kukipata sio kugumu, ila lazima ujipange mapema.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Shule ya msingi ya serikali ina kamati, sekondari ina bodi, na wajumbe wa bodi wanateuliwa, hawapigiwi kura na wazazi, kwahiyo haya ninayoandika ni ya shule ya msingi. Wala usichanganye na uchaguzi wa serikali za mitaa kama ule wa 27 Novemba 2024. Huku hakuna daftari la wapiga kura, hakuna kadi, hakuna chama. Wanaokuchagua ni wazazi na walezi wenye watoto pale, basi. Bibi anayelea wajukuu ana haki sawa na wewe, na mara nyingi bibi huyo ndio anakuja vikao vyote, kwahiyo usimdharau, tena muone mapema.

Ndani ya kamati kuna walimu pamoja na wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, na mwalimu mkuu ndio katibu. Mwenyekiti anatoka upande wa wazazi, hawezi kuwa mwalimu. Kamati inapitisha mpango wa shule na bajeti, inafuatilia mahudhurio, inasimamia matumizi. Nguvu hizi zilipewa uzito sana kipindi cha MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002, na elimu bila ada ilipoanza 2016 hela ya kapiteshen, yaani ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi, ikawa inatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hesabu yake ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 inakuja shuleni, 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Sasa chukua shule ya watoto 1,500, hiyo ni milioni 9 kwa mwaka, laki saba na nusu kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, karatasi, mitihani, michezo, ukarabati na mambo ya ofisi. Ukishaijua hesabu hii hutaenda kwenye kikao kumpigia kelele mwalimu mkuu kwamba amekula hela za madarasa, maana utaona hela yenyewe ni ndogo, ila utajua pia kuuliza swali lenye kichwa na miguu.

Hela kubwa inakuja shule ikipata mradi, darasa jipya au matundu ya vyoo. Siku hizi ujenzi mwingi unaenda kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta fundi, na zinaundwa kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Hapo ndipo mzazi anayejua bei ya mfuko wa simenti na nondo hapo mtaani ana thamani kuliko mtu mwenye maneno mengi. Kama mtaani kwenu kuna fundi mwashi au muuza hadiwea mwenye mtoto shuleni hapo, mshawishi naye agombee.

Haya, unaanzaje. Nenda ofisi ya mwalimu mkuu uulize kamati iliyopo inamaliza muda lini na kikao cha wazazi cha uchaguzi kitakuwa lini, uliza kwa heshima tu, "shikamoo mwalimu, mimi mzazi wa fulani wa darasa la tatu, nataka kujua". Ukizungushwa, afisa elimu kata yupo ofisi ya kata, naye anajua. Usisubiri barua ya mwito maana barua anapewa mtoto, na barua ya mtoto inaishia chini ya begi na maganda ya karanga. Ukishapata tarehe itangaze wewe mwenyewe kwenye magrupu ya madarasa, na kama imepangwa katikati ya wiki omba kwa uongozi iwe Jumamosi. Mama anayekaanga maandazi, bodaboda, mtu wa Kariakoo, hawa Jumanne saa nne asubuhi huwapati hata uwabembeleze vipi.

Alafu pita kwa watu. Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa, sio siku yenyewe. Ongea na wazazi mnaokutana getini mkipeleka watoto, ongea na wa kwenye mtaa wenu, ongea na wa mtaa wa pili ambao watoto wao wanavuka barabara kubwa maana wao shida yao ni nyingine kabisa. Kama shule ina kitengo cha watoto wenye ulemavu tafuta wazazi wa kitengo uwasikilize, vikao vingi vinaisha bila hata mtu kuwataja na mimi hilo linaniuma sana. Usiahidi kitu. Usinunulie mtu soda wala kumpa nauli, na usimlete diwani akusemee, hata kama ni ndugu yako, maana siku hiyo hiyo watu wanaanza kusema kamati ni ya chama fulani na nusu ya wazazi wanakukimbia.

Katika wale ulioongea nao tafuta mmoja wa kukupendekeza na mwingine wa kukuunga mkono, na uhakikishe watakuja kweli. Kuna watu wazuri wengi wanakosa nafasi sababu walikaa wanasubiri kutajwa na hakuna aliyewataja, na kujitaja mwenyewe wengi wanaona aibu. Hili nawaambia hasa akina mama. Kikao kimejaa akina mama, lakini majina yanayotajwa unakuta ni ya akina baba watatu waliosimama nyuma karibu na mlango. Mpangane kabisa, mama fulani amtaje mama fulani.

Siku ya kikao fika mapema na uwe na subira. Kimeandikwa saa nne kitaanza saa tano na nusu, kutakuwa na taaluma, nidhamu, utoro, chakula, na ajenda ya uchaguzi mara nyingi iko chini karibu na mengineyo, wakati huo watu washaanza kuondoka wakawahi biashara. Ajenda zikisomwa tu nyoosha mkono uombe uchaguzi upandishwe juu wakati wazazi bado wapo. Ni ombi la kawaida na ukilisema kwa upole linakubaliwa. Omba pia kura ziwe za karatasi kama inawezekana, kunyoosha mikono mbele ya mwalimu wa mtoto wako kuna watu wanaogopa, na wa kuhesabu wawe wawili na matokeo yaandikwe kwenye muhtasari palepale.

Ukipewa nafasi ya kujieleza sema kwa kifupi. Kitu kama hivi: naitwa fulani, nina watoto wawili hapa, la pili na la tano, nakaa jirani na shule, jioni napatikana, nikichaguliwa nitasimamia taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na nitaipiga picha niiweke kwenye magrupu. Inatosha, kaa chini. Hiyo ahadi moja ndani ya uwezo wako ina uzito kuliko kusema utaleta madarasa kumi na maji ya Dawasa.

Ukishinda, kazi haina mshahara, lijue hilo kabla. Usikimbilie uenyekiti kikao cha kwanza, mwenyekiti anabeba lawama zote na anaitwa kila dharura, mjumbe wa kawaida anayesoma makaratasi anaweza kufanya mengi zaidi kwa utulivu. Omba uone mihtasari ya nyuma, bajeti ya mwaka huu, na taarifa ya benki, na usome kabla ya kusema lolote. Walimu sio maadui zako, wengi wanatamani sana kuwa na mzazi anayeelewa kwamba chaki zinaisha katikati ya mwezi.

Kwenye michango kuwa makini kuliko kwingine kote. Elimu bila ada haimkatazi mzazi kuchangia kwa hiari, uji au chakula cha mchana wazazi ndio wanakubaliana na kuchangia, lakini Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima na mtoto kurudishwa nyumbani sababu mzazi hajatoa. Kwahiyo ikija hoja ya mchango kwenye kamati sema ipelekwe kikao cha wazazi wote, ipate kibali cha mamlaka husika, walimu wasishike hela, na asiye na uwezo mtoto wake apate uji kama wenzake bila kutajwa jina darasani. Hapo usilegeze hata kidogo.

Na kama kura hazikutosha usisuse. Kuna UWAWA, wazazi na walimu wanaokaa pamoja, kila darasa linahitaji wawakilishi na nafasi hizo mara nyingi zinakosa watu. Jiandikishe hapo, omba pia kuingia kwenye zile kamati za mapokezi ukisikia shule imepata mradi, ukahesabu mifuko ya simenti ikishushwa. Uchaguzi ujao wazazi watakuwa wanakujua.