Askari Anayekokota Baiskeli: Anza na Mikono

Wengi wakifungua boksi la vipande vya plastiki vya kujenga sanamu ndogo ya askari na baiskeli yake humjenga askari kwanza, wakampaka rangi mpaka nyusi, ndipo wakaigeukia baiskeli. Mimi naanza na baiskeli. Askari ukimjenga peke yake atasimama vizuri tu, ila siku ya kumkabidhi baiskeli yake utakuta kiganja kinaelea milimita moja juu ya usukani. Kwa kipimo cha 1/35, yaani kila kitu ni kidogo mara 35 kuliko cha kweli, milimita moja ni sentimita tatu na nusu. Rangi haifichi pengo la namna hiyo.

Askari wangu hapa ni Mkanada wa Brigedi ya 9, iliyoshuka Bernières-sur-Mer, pwani ya Normandy, tarehe 6 Juni 1944. Baadhi yao walibeba baiskeli za kukunja za BSA, kampuni ya Kiingereza, na picha zao zipo. Weka picha moja mezani kabla hujashika kisu. Utaona fremu ina mabomba mawili yanayokwenda sambamba, na katikati kuna bawaba na nati za mabawa za kuifungia. Hizo nati ndizo zinazomwambia mtazamaji kwamba hii si baiskeli ya kwenda sokoni, kwa hiyo zisipotee kwenye msasa.

Sasa magurudumu, na hapa usiwe na haraka. Kwa kipimo hiki mtu wa sentimita 175 anakuwa na milimita 50, na gurudumu la inchi 26 linabaki na milimita 19 hivi. Spoki ya kweli ina unene wa milimita 2 tu. Igawe kwa 35 uone kinachobaki: hata sehemu moja ya kumi ya milimita haifiki. Plastiki haimiminiki ikawa nyembamba hivyo, ndiyo maana spoki za plastiki zikiwa na nusu milimita, machoni zinakuwa kama nondo za ujenzi.

Dawa yake ni spoki za karatasi ya shaba, ambazo huja ndani ya boksi au huuzwa peke yake. Kata spoki za plastiki kwa ncha ya wembe ubaki na rimu na tairi. Pitisha shaba juu ya moto wa kiberiti cha gesi mpaka ibadilike rangi, kisha iache ipoe yenyewe; inalainika na haitarudi nyuma ukiikunja. Ilaze juu ya kifutio, ukandamize katikati kwa kitako cha brashi kilicho mviringo, kwa sababu spoki hazilali bapa: zinatoka pembeni mwa habu, kile kitovu cha gurudumu, zikielekea kwenye rimu kwa mshazari. Fanya shaba mbili kwa kila gurudumu, habu ikae katikati yake. Gundi ya plastiki haitashika hapa, maana kazi yake ni kuyeyusha plastiki na shaba haiyeyuki. Tumia supagluu, tone moja kwenye ncha ya sindano. Kama huna shaba, kwangua spoki za plastiki pande zote mbili kwa wembe uliosimamishwa wima. Spoki za plastiki zilizokwanguliwa kwa utulivu zinapendeza kuliko shaba iliyojikunja, na sitabishana na mtu kuhusu hilo.

Fremu, usukani, kiti na pedali havina mengi. Futa mstari wa kiungio unaopita juu ya kila bomba, la sivyo rangi itauonyesha. Pedali moja ikiwa juu, ya pili iwe chini.

Baiskeli ikisimama, mlete askari. Gandisha miguu na kiwiliwili, uache mikono na kichwa. Ishike baiskeli kwa udongo laini wa kuchezea, magurudumu yote yakigusa ubao, umsimamishe askari kando yake. Paka gundi begani, weka mkono, na gundi ikiwa bado mbichi ushushe kiganja mpaka kikae kwenye usukani. Mkono wa pili unaweza kushika kiti. Anayekokota baiskeli kwenye mchanga hufanya hivyo. Kiganja chenyewe usikigandishe. Acha mpaka kesho, kisha chomoa baiskeli taratibu: mkono umeshakariri mahali pake, na vitu viwili unavipaka rangi kila kimoja peke yake. Bega likiacha ufa, jaza pati na upige msasa. Kichwa kielekeze anakokwenda, au chini kwenye gurudumu la mbele. Chapeo iwe ile ya Mk III yenye umbo la kobe, ndiyo waliyovaa wengi wa divisheni yao.

Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, ni lazima, hasa juu ya shaba, kwani rangi ya akriliki peke yake inabanduka kwa kucha. Nguo za Wakanada zilikuwa na ukijani zaidi kuliko za Waingereza, kwa hiyo kaki ya Kiingereza iliyotoka kwenye chupa iongezee kijani kidogo. Mikunjo itie kivuli kwa kahawia iliyokolea. Nyeusi inaifanya sufu ionekane chafu. Sehemu zilizoinuka, magoti na viwiko, zipitie kwa rangi ileile iliyoongezwa rangi ya mchanga. Mikanda ya turubai iwe nyepesi kuliko nguo. Usoni, weka rangi ya ngozi, kisha kahawia-nyekundu iliyochanganywa na maji itiririke kwenye mashimo ya macho na chini ya pua, halafu uinue pua, mashavu na kidevu kwa rangi nyepesi. Weupe wa macho usiuguse. Kwa ukubwa huu mboni yote ni nukta ambayo, kwa mtu wa kweli aliye mbali nawe, hungeiona. Mstari mwembamba wa kahawia chini ya kope unatosha.

Baiskeli ipake kijani cha jeshi, tairi kijivu kilichokolea. Tairi nyeusi tii inaonekana kama ya kuchezea. Mnyororo na pedali sugua kwa penseli laini, zitang'aa kama chuma kilichotumika. Maliza yote kwa vanishi isiyong'aa, isipokuwa kiti cha ngozi, ambacho kinastahili mng'ao kidogo pale anapokaa mtu.

Ukipenda kitu kingine, wapo askari wa Japani waliopita Malaya kwa baiskeli mpaka Singapore, kati ya Desemba 1941 na Februari 1942. Tairi zikipasuka waliendelea kwenye rimu tupu. Kwa mjenzi hiyo ni zawadi: unatoa tairi na shaba inajionyesha yenyewe.

Ardhi isiwe bapa. Tandaza pati, nyunyizia mchanga uliochekechwa, na ikiwa bado laini zamisha tairi na viatu nusu milimita, kwa kina kimoja. Toboa soli moja, tia kipande cha waya, kichome ubaoni. Hapo ndipo kiganja kinapata tone lake la gundi. Vumbi la tairi na la viatu vyake lipake siku moja, kutoka kwenye mchanganyiko mmoja.