Joto la bati na moshi wa jiko: kurekebisha nyumba ya Tabora kabla ya Oktoba

Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linasimama utosini kabisa, mvua bado haijaanza, na bati linapokea kipigo chote. Ndiyo maana kazi hii inaanzia juu ya nyumba na kuishia kwa pangaboi. Wengi hufanya kinyume, wakaishia kuzungusha joto lilelile usiku kucha huku uniti za LUKU zikiyeyuka.

Mahesabu yote hapa ni ya nyumba ya mita 8 kwa 10: tofali za kuchoma, bati la migongo, dari ya mbao au jipsamu. Yako ikiwa kubwa au ndogo, rekebisha kwa uwiano.

Hatua ya 1: Tafuta joto linakotokea

Saa tisa alasiri simama katikati ya sebule, inua kiganja kuelekea dari bila kuigusa, kisha kigeuzie ukuta wa magharibi. Kiganja kitakuambia. Mara nyingi ni dari.

Tundika vipimajoto viwili, kimoja ndani usawa wa kifua, kingine nje barazani pasipofika jua. Andika namba saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku, siku tatu mfululizo. Utazitumia kwenye hatua ya madirisha.

Hatua ya 2: Paka bati rangi nyeupe

Bati lililochakaa likashika kutu linaweza kuvuka nyuzi 60 juani. Bati jipya linalong'aa nalo lisikudanganye. Mwanga linaurudisha kweli, ila zinki inayong'aa ni bahili wa kuachia joto, kile kidogo inachokunywa inakaa nacho. Rangi nyeupe inarudisha mwanga na pia inaachia joto haraka.

Kwanza hakikisha ni bati kweli. Nyumba za zamani, hasa zilizokuwa za taasisi, nyingine zimeezekwa asbesto, vigae vipana vya kijivu vinavyofanana na saruji. Hivyo usivisugue wala kuvitoboa. Vumbi lake linaharibu mapafu.

Kiasi cha rangi: eneo la paa si eneo la sakafu. Nyumba ya 8 kwa 10 yenye upenu wa sentimita 60 kila upande inakuwa mita 9.2 kwa 11.2, yaani 103 za mraba. Ongeza mteremko, zinakaribia 110. Ongeza migongo ya bati, 126. Ukipaka mara mbili, yaani mikono miwili, ni 252, na lita moja inafunika mita 9 hivi za mraba. Unahitaji lita 28: ndoo moja ya lita 20 na galoni mbili za lita 4.

Nunua rangi ya maji ya nje, ya akriliki. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja kwenye zinki huwa inapendeza miezi michache tu, halafu inabanduka vipande kama ganda la kiazi. Mafuta yake yanakutana na zinki na kugeuka kitu kama sabuni, chini kabisa ambako huwezi kukiona. Fundi atalaumiwa kwa kutosafisha, kumbe kosa lilianzia dukani.

Mpangilio wa kazi uwe hivi. Osha bati kwa maji na sabuni ya unga, suuza. Kama ni jipya, lipitishe siki kwa kitambaa, liache dakika 15, suuza tena, maana linatoka kiwandani na mafuta. Palipo na kutu sugua kwa brashi ya waya mpaka unga uishe, pakaa praima ya kuzuia kutu. Kagua misumari, na kila washa ya mpira iliyopasuka ibadilishwe sasa, si baada ya kupaka. Anza asubuhi umande ukishakauka, simamisha kazi ifikapo saa nne asubuhi. Bati likiwa la moto, rangi inakauka juujuu kabla haijashika. Rudi saa kumi alasiri. Mkono wa pili uwe wa kesho yake. Anzia upande wa mbali ukirudi kwenye ngazi, na kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, kwa sababu chini yake kuna papi, mbao zinazoshika bati. Bati la geji 30 ukilikanyaga katikati linabonyea, na kwenye kibonyeo ndipo maji yatatuama.

Mwezi mzuri ni Julai hadi Septemba. Kama unakinga maji ya mvua, chagua rangi isiyo na risasi na uchomoe bomba la tangi mpaka mvua mbili nzuri ziwe zimeosha paa. Vumbi la kiangazi litaifanya nyeupe kuwa kahawia. Ifagie kwa maji kila Septemba, vinginevyo utakuwa umelipia nyeupe ukapata kahawia.

Hatua ya 3: Ipe dari njia ya kupumua

Kati ya bati na dari kuna hewa iliyofungiwa, na ndiyo inayoioka dari. Kanuni ya kawaida ni sehemu 1 ya tundu kwa kila 150 za dari. Dari ya mita 80 za mraba inataka 0.53. Wavu unakula karibu nusu, kwa hiyo toboa mita 1 ya mraba kwa jumla: matundu 16 ya sentimita 15 kwa 20 chini ya upenu, nane kila upande, na mawili ya 50 kwa 50 kwenye kuta za pembetatu, karibu na kilele.

Ukitoboa ya juu peke yake au ya chini peke yake, hewa haiendi popote. Ya moto inatoka juu pale tu ya baridi inapopata pa kuingilia chini.

Wavu uwe mgumu, wenye matundu ya milimita 6. Wavu wa kuku haufai hapa, popo mdogo anapita kama mlango wa kwake. Kama tayari wamo, usiwazibie ndani. Subiri watoke giza likiingia, ziba usiku, na usifanye hivyo wakiwa na vichanga visivyoruka. Mavi yao yalowanishe kwanza ndipo uyakusanye, umevaa barakoa, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba kuvu linaloshambulia mapafu.

Wapo wanaomwaga pumba za mpunga juu ya dari. Zinazuia joto, hilo kweli, lakini zinakaribisha panya, na waya wa umeme uliotafunwa juu ya pumba kavu ni moto unaosubiri. Ukitaka kizuizi, weka karatasi ya foili chini ya papi, upande unaong'aa ukitazama chini. Ukitazama juu, vumbi litaufunika.

Hatua ya 4: Madirisha kwa saa

Sasa soma namba zako. Kanuni ni moja: nje pakiwa baridi kuliko ndani, fungua, pakiwa moto kuliko ndani, funga. Kwa Oktoba hiyo huwa ni kufunga saa tatu au nne asubuhi na kufungua jioni mpaka alfajiri. Tofali za kuchoma zinahifadhi ubaridi wa usiku kama mtungi unavyohifadhi maji. Nyumba isiyo na dari isifuate hili. Ukiifunga mchana bati litaioka, kwa hiyo iache wazi.

Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Kiangazi upepo hutoka zaidi mashariki na kusini mashariki, basi fungua upande huo na ule unaoukabili. Dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu. Kama bado unajenga, luva au la bawaba linakupa karibu upana wote. Osha wavu wa mbu kila mwezi. Uliojaa vumbi ni sawa na dirisha lililofungwa.

Hatua ya 5: Ukuta wa magharibi

Jua la jioni liko chini, upenu hauliwezi. Pazia la ndani limechelewa, joto limeshaingia. Weka kivuli nje: mkeka kwenye baraza, au kichanja cha pesheni mita moja kutoka ukutani. Mwembe ni bora kuliko vyote ila uwe umbali wa mita 6 au zaidi, mizizi isifike msingi.

Hatua ya 6: Moshi, na jiko la mkaa la mwezi wa saba

Kwa kuni, bomba la moshi liwe na upana wa sentimita 10 au zaidi, lisipinde zaidi ya mara moja, na lipite kilele cha paa kwa sentimita 60. Likiishia chini ya kilele upepo unausukuma moshi urudi jikoni, na mpishi anadhani jiko ndilo bovu. Liache sentimita 45 kutoka mbao yoyote. Komba masizi kila mwezi. Kuni zinazotoa povu kichwani bado mbichi. Pasua, panga chini ya upenu, zisubiri kiangazi.

Mkaa ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu hauna moshi. Juni na Julai baridi ikikaza, watu huingiza jiko chumbani na kufunga mlango. Makaa mekundu yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na aliyelala haamki. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wawili au zaidi ndani ya nyumba moja ni ishara tosha: tokeni nje nyote, kisha mwende hospitali. Kuacha dirisha upenyo kidogo hakutoshi. Kwa baridi, funga madirisha saa kumi na moja jioni, kuta zikiwa bado na joto la mchana, na ongeza blanketi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni. Tundu la jikoni liwe chini, karibu na sakafu. Pima viungo vya mpira kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Hatua ya 7: Pangaboi

Pangaboi la wati 70 kwa saa 8 linakula uniti 0.56. Halipoozi hewa, linapooza ngozi, kwa hiyo chumba kikiwa kitupu lizime. Litundikwe kwenye kenchi, mbao nene zinazobeba paa, si kwenye ubao wa dari, mapanga yakiwa mita 2.3 au zaidi kutoka sakafuni. Septemba na Oktoba hewa ni kavu, shuka mbichi ikitundikwa mbele ya dirisha la upande wa upepo inasaidia. Mvua zikianza iondoe, italeta ukungu tu.

Likianza kuzunguka kivivu hata kwenye namba tano, usikimbilie kununua jipya. Zima umeme kwenye swichi kubwa, fungua kikombe cha juu, utakuta kapasita, kidude kinachoipa mota nguvu ya kuzunguka, mara nyingi ya mikrofaradi 2.5. Badilisha kwa namba ileile iliyoandikwa ubavuni mwake.