Kusafisha Kisima Baada ya Mafuriko Uwanda wa Kano

Mto Nyando, huko Kisumu nchini Kenya, ukivunja kingo, maji ya vyoo vya shimo huingia visimani. Usikimbilie dawa ya klorini. Subiri kwanza ardhi ikauke kidogo: ukichota maji yote upesi wakati udongo bado umelowa, ukuta wa kisima unaweza kuporomoka. Pampu ya petroli ibaki juu, kamwe isishushwe ndani, maana moshi wake umejaa hewa ya sumu isiyo na harufu na huua anayechimbua matope chini.

Ondoa matope, sugua kuta, acha maji yajae tena. Pima ujazo wa maji, kwa mita: kipenyo mara kipenyo mara kina cha maji mara 0.785. Kisima cha upana wa mita 1 chenye maji ya mita 3 kina takriban mita za ujazo 2.4.

Koroga gramu 50 za klorini ya unga (asilimia 65–70) katika lita 20 za maji. Mimina kisimani lita 10 za mchanganyiko huo kwa kila mita ya ujazo ya maji. Kwa mfano wetu, lita 24. Vaa glavu. Iache usiku kucha, kisha chota hadi harufu kali iishe. Maji yenye tope hula klorini yote, na hapo ndipo wengi hupoteza dawa bure. Ya kunywa endelea kuchemsha.