Mbolea ya soya: fosforasi kwanza, urea iache
Soya hujitengenezea naitrojeni kupitia bakteria wa vinundu vya mizizi, hivyo urea (mbolea ya naitrojeni) nyingi huleta majani mengi na vinundu vichache. Kinachohitajika zaidi ni fosforasi: weka TSP (mbolea ya fosforasi) kilo 50 kwa ekari wakati wa kupanda, kwenye mfereji, ukiifunika kwa udongo ili isiguse mbegu.

Changanya mbegu na rhizobia, yaani bakteria hao wa vinundu, kivulini, ukifuata kipimo cha pakiti, kisha panda siku hiyohiyo. Jua kali huua bakteria hao.

Maua yakianza, ng'oa mche taratibu na upasue vinundu. Vyekundu ndani vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, pima udongo: pH (kipimo cha uchachu wa udongo) chini ya 5.5 huhitaji chokaa, iwekwe wiki kadhaa kabla ya msimu ujao.